Chewa Tuliowarudisha, Masanduku Niliyokataa Kurudisha

Walisema sitaweza. Walisema sitamaliza chuo, kwa sababu nilianza nikiwa na miaka ishirini na tisa na Kiingereza cha kambini. Nikamaliza, na stashahada yangu ya ufundi wa mitambo ya baridi imetundikwa ukutani hapa ofisini kwangu Rumonge, mahali ambapo mteja anayekuja kununua barafu anaiona kabla hajaniona mimi. Walisema sitathubutu kuendesha gari kwenye barabara kuu za Marekani. Nimeziendesha kutoka Kentucky hadi baharini. Walisema nikirudi kwetu nitarudi na begi la nguo na maneno mengi. Nimerudi na kiwanda cha barafu, majenereta mawili na vyumba viwili vya baridi ambavyo hakuna mvuvi wa mwambao huu wa ziwa asiyevijua, na hakuna mtu aliyenishika mkono kuvijenga. Na walisema, hili ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba nimeahidi samaki lakini samaki sitaleta.

Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Shemasi Zakaria wa Louisville. Alifariki mwezi uliopita. Binti yake alinipigia simu, akaniomba niandike maneno machache ya kusomwa kwenye ibada ya mazishi, “kwa sababu baba alikuwa anakutaja sana.” Najua alivyokuwa akinitaja. Nilimpa pole, nikamwambia nitaona. Nimeona. Nimeandika haya badala yake, na najua hayatasomwa kanisani.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza Mei 2015, siku nilipomaliza chuo. Nilikuwa nalala sebuleni kwa Shemasi, kwenye kochi la kahawia lililobonyea upande wa miguu, kiasi kwamba kila asubuhi niliamka nimekunjamana kama mtoto tumboni. Juu ya kochi kulikuwa na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, ambayo mkewe hakutaka kuitoa kwa sababu ya picha ya maporomoko ya maji. Jioni tulikula ugali na maharage, Jumapili kuku, na Shemasi alizima televisheni kabla ya kusema neno, ili neno lake lisigombanie nafasi na mtu mwingine. Siku ile nilileta karatasi yangu mezani ikiwa ndani ya jalada lake. Akafuta vidole, akaitoa, akaisoma, kisha akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu.

“Diploma ya friji,” alisema. “Friji yangu hii nilipewa na kanisa miaka sita iliyopita, haijawahi kuugua. Sasa wewe utakula kwa nani?”

“Kwa zinazougua, Shemasi.”

“Basi Mungu akujalie wagonjwa wengi, kijana.”

Mkewe alicheka hadi akaweka kijiko chini. Nilicheka nami, kwa sababu nilikuwa nakula ugali wao. Lakini hasira ile niliimeza na tonge, na nadhani bado iko tumboni.

Watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo tulikuwa na laini moja ya maombi. Saa mbili ya jioni unapiga namba, unaingiza tarakimu, unasikia pumzi za watu arobaini, watoto wanaolia na sufuria zinazogongana katika miji mitatu. Shemasi ndiye aliyeiongoza, akiwa chumbani kwake, mimi nikiwa kochini na simu yangu, kwa hiyo kila neno lake nililisikia mara mbili: kwanza kupitia ukutani, kisha, baada ya kitambo kifupi, sikioni. Baada ya amina wengi hawakukata simu. Hapo ndipo habari zenyewe zilipoanza: nani kanunua gari, nani kaachwa, mtoto wa nani anawajibu wazazi kwa Kiingereza hata anapoulizwa kama ameshiba.

Jioni moja aliongea Mama Yusta wa Buffalo, mjane wa Mzee Kagabo. Mumewe alikuwa mvuvi wa hapa hapa Rumonge kabla vita havijampeleka kambini Kasulu, ambako alikaa miaka mingi bila kuona ziwa. Kutoka Kasulu alipelekwa Buffalo, ambako ziwa lipo, lakini miguu yake haikuweza tena kumfikisha ufukweni. Samaki wa Buffalo walimjia ndani ya pakiti, minofu myeupe isiyo na kichwa wala mkia, na kila mkewe alipoiweka mezani mzee aliuliza, “Huyu alikuwa nani?” Alifariki Agosti ya mwaka uliotangulia. Kwetu, mwaka unapotimia familia hufanya kuganduka, sherehe ya kumaliza msiba. Watu hula pamoja, na mjane anaruhusiwa kucheka mbele za watu. Mzee alikuwa ameacha neno moja tu kuhusu siku hiyo. Alitaka watu wale samaki wakubwa, wenye vichwa, waliovuliwa na mtu anayejulikana kwa jina.

“Wenye vichwa wapo dukani kwa Wachina,” alisema mama mmoja wa Columbus.

“Wapo,” Mama Yusta akajibu. “Aliyewavua ni nani?”

Nikabonyeza kitufe cha sauti. “Mama, nitawavua mimi. Nitaleta wa baharini, wa kuwatosha watu wote, na vichwa vyao.”

“Mwanangu Nestori, hii ni ahadi?”

“Ni ahadi, Mama.”

Hakuna aliyeniuliza kuhusu bahari. Ziwa lingetosha. Nilitaja bahari kwa sababu nilikuwa na diploma ya wiki mbili na nilitaka kitu kikubwa kuliko ziwa. Nilizima sauti yangu lakini sikukata simu, na Shemasi akadhani nimeondoka.

“Kijana anajua kugandisha,” ukuta ulisema, kisha simu ikasema vilevile, “hajui kuvua. Tangu azaliwe samaki aliyemkamata ni wa kopo.” Miji mitatu ikacheka kwa pamoja. Nilitukanwa mara mbili kwa tusi moja.

Niliondoka Louisville mwezi wa Juni na gari bovu la mizigo, nikapitia Columbus kufanya kazi ya ghala kwa wiki chache, kisha nikaenda Buffalo, ambako kampuni ya vyakula kule Lackawanna ilihitaji fundi wa vyumba vya baridi. Njiani niliazima masanduku ya barafu, yale ya plastiki ambayo Wamarekani hubebea vinywaji, kwa maana samaki wa watu mia na zaidi hawabebwi kwa mifuko. Louisville walinipa matatu. La tatu lilikuwa la Shemasi, la bluu, kubwa kama jeneza la mtoto, lenye magurudumu. Alilisukuma mwenyewe hadi kwenye gari.

“Chukua hili,” alisema. “Nataka nione litakavyorudi.”

Columbus walinipa manne. Nilikuwa nimefikia kwa mume na mke waliokuwa na nyumba ya vyumba viwili, na ukuta wa kule ulikuwa mwembamba kama wa Louisville. Usiku wa kwanza baada ya kunipa sanduku lao nilimsikia mke akisema, “Umempa lile zuri? Hatutaliona tena.” Mume akajibu, “Tutaliona. Litakuwa tupu, lakini tutaliona.” Asubuhi walinipikia chapati. Nikazila. Buffalo niliongeza matano, la Mama Yusta likiwemo, yakatimia kumi na mawili.

Sasa mtu ataniuliza, fundi mwenye diploma, hukusoma? Nilisoma. Nilitafuta mashua zinazopeleka watu kuvua bahari kuu kwa tiketi, nikaona picha za watu wamekumbatia chewa wakubwa kama mbuzi, nikasoma saa ya kuondoka, aina ya viatu, chambo na dawa ya kichefuchefu. Nilipiga simu nikauliza kama chewa wakubwa wapo. Nikaambiwa wapo, wakubwa kabisa. Sikuuliza kama nitaruhusiwa kuondoka nao. Mtu wa ziwani ataulizaje swali hilo? Ni kama kuingia hotelini, kuagiza wali, kisha kumuuliza mhudumu kama utaruhusiwa kumeza.

Tulitoka Buffalo Ijumaa moja ya Agosti, watu wanne: mimi, wanakwaya wawili, na Mzee Bonifasi, Mkongo wa Uvira aliyewahi kuvua ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile alilovua Mzee Kagabo. Walijuana Buffalo, wakagundua kwamba kwa miaka mingi waliona taa za mitumbwi yao kwa mbali bila kujua ni nani mwenye taa. Buffalo Mzee Bonifasi alikuwa anakunja mashuka ya hospitali. Alikaa kiti cha mbele akiwa amevaa koti la suti, kwa heshima ya bahari. Asubuhi bandarini, pale pwani ya Massachusetts, kapteni aliyaona masanduku kumi na mawili na mfuko wa chumvi, akaniuliza kama tunahama. Alituruhusu kupanda na mawili tu. Nikachukua la Mama Yusta na la Shemasi.

Mashua ilipofika kwenye mawimbi Mzee Bonifasi alianza kutapika. “Bon, ziwa yetu haina hii chumvi,” alilalamika kati ya kutapika na kutapika. “Chumvi njo inaniua.” Nilikuwa nimemshika kichwa ukingoni, injini inanguruma, na kapteni akawa anatangaza jambo kwenye kipaza sauti. Sikulisikiliza. Niliona watu wanaitikia kwa kichwa, nikaona ni mambo ya usalama.

Mshipi wangu ulishuka hadi nikadhani maji yale hayana chini. Kisha ukavutwa. Nilizungusha gurudumu la mshipi, na aliyetokea alikuwa na rangi ya majani makavu, madoadoa mgongoni, mstari mweupe ubavuni, na chini ya kidevu ndevu moja, moja tu, kama mzee aliyesahau kuimalizia wakati wa kunyoa. Utumbo wake ulikuwa umetokeza mdomoni kama puto, kwa kuwa alikuwa ametolewa haraka kwenye kina kirefu. Nikapiga kelele, “Mama Yusta!” Wanakwaya wakaanza pambio. Mhudumu wa mashua, mama wa makamo mwenye mvi na mikono kama ya fundi wa nondo, akaja akamshika samaki, akachomoa ndoana, akainama ukingoni, na samaki akaenda. Nilidhani amemponyoka. Nilimpiga begani kwa upole, nikamwambia asijali, tutapata mwingine.

Wa pili naye akamrusha, kichwa chini.

“Hatuchukui chewa, rafiki,” aliniambia. “Ni sheria ya mwaka huu. Hata mmoja. Hukumsikia kapteni?”

Nilimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mazishi ni ya kwake. Serikali yao ilikuwa imewazuia watu kuchukua chewa kwenye maji yale kwa sababu walikuwa wamepungua. Aina nyingine ndogo ziliruhusiwa, wachache kwa kila mtu. Lakini wengi mle mashuani hawakuwa wamekuja kwa ajili ya hao wadogo. Walikuwa wamelipa ili wapambane na samaki mkubwa, wamkumbatie, wapigwe picha, kisha wamrudishe. Walishangilia kila alipotolewa na walishangilia kila alipotupwa. Nilikuwa nimekula mahindi ya mgawo kambini kwa miaka kumi na saba. Sikuwa nimewahi kuona watu wakichezea chakula huku wakipigiana makofi.

Kisha Mzee Bonifasi, aliyekuwa amepauka usoni, akapata wake. Hakutumia gurudumu, aliuvuta mshipi kwa mkono kwa mkono kama kwao. Chewa yule alikuwa na urefu wa mguu wangu kutoka nyonga hadi kisigino. Mzee alimlaza kifuani juu ya koti la suti, akafunga mikono, akakaa chini na mgongo ukutani.

“Mwambie amwachie,” mhudumu aliniambia.

“Mzee, anasema umwachie.”

“Mwambie yeye: huyu ni ya Kagabo.”

“Nimemwambia sheria, Mzee.”

“Donc tulitoka Buffalo kuya kusalimia samaki? Mwambie niko na mgeni mia moja kwa nyumba. Mwambie wao batakula nini.”

Nilimwambia. Namshukuru yule mama kwa jambo moja: hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mzee, akasema ataitwa mlinzi wa pwani, faini itakuwa kubwa, na mashua itapoteza kibali. Mzungu mmoja mwenye kofia akadhani tunangoja mpiga picha, akatoa simu yake. “Tabasamu!” alisema. Akapiga. Picha hiyo alinitumia, ninayo hadi leo: mzee amekumbatia samaki na hatazami kamera. Baada ya hapo mzee alinyanyuka mwenyewe, akaenda ukingoni, akamshusha chewa kwa mikono miwili kama unavyomlaza mtoto. Chewa hakuzama. Tumbo lililojaa hewa lilimgeuza juu chini, akaelea, mkia ukipiga maji kidogo, na ndege weupe wakashuka. Walianza na macho.

Mzee Bonifasi alivua kofia. “Wamemuua,” alisema, “na hawamukule.”

Nilimfokea mhudumu, nikamfokea kapteni, nikasema maneno ambayo Kiingereza cha chuoni hakikunifundisha. Niliomba tumchukue huyo mmoja, maana kafa tayari. Kapteni alisema sheria haina kifungu cha aliyekufa.

Siku hizi na sisi huku Rumonge tunalifunga ziwa miezi mitatu kila mwaka, samaki wapumzike na kuzaa. Mimi muuza barafu naumia kuliko wengi, na nimekubali. Hata kwenye mkutano nilisimama nikaunga mkono, na watu walinisikiliza, kwa sababu nikisimama mimi watu husikiliza. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba sielewi. Kufunga maji naelewa. Unafunga, unakaa nyumbani, njaa inakuwa ya wote. Nisichokielewa hadi leo ni kufunga maji halafu kuuza tiketi.

Tulirudi na samaki watatu wadogo wa aina iliyoruhusiwa, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwiko. Kuganduka kulifanyika ukumbi wa chini wa kanisa, Buffalo, watu zaidi ya mia, na Shemasi alikuwa amesafiri kutoka Louisville kuongoza. Kulikuwa na kuku, wali, ndizi, isombe ya majani ya muhogo, na sufuria moja ya mchuzi wa samaki watatu ambao Mama Yusta aliugawa kijiko kijiko kwa wazee. Picha ya Mzee Bonifasi ilikuwa imeshafika kwenye simu za watu. Sikujua nani aliitoa. Shemasi aliinua yake juu, kioo kikiwatazama watu.

“Ndugu zangu, karibuni tule picha,” alisema. Kisha akafumba macho. “Baba, ubariki chakula hiki, na kile ambacho kijana wetu amekiacha baharini, ukawashibishe nacho samaki wenzake. Amina.”

Wakacheka, na Mama Yusta, siku aliyoruhusiwa kucheka, hakucheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari. Mtu akidharau maneno yangu naweza kumjibu. Yule alikuwa amenidharau ndani ya sala, na katikati ya sala mtu hajibu.

Siku iliyofuata watu walianza kuulizia masanduku yao. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Mmarekani hatalielewa na Mrundi hatahitaji kuelezwa. Kwetu ukiazima sufuria ya jirani unairudisha na kitu ndani, hata viazi vitatu, hata kipande cha sabuni. Ukiirudisha tupu umemwambia kwamba nyumbani kwako hakuna mtu. Niliyaazima kwa ajili ya samaki. Nikasema yatarudi na samaki, wenye vichwa, niliowavua mimi, au hayatarudi.

Nilikuwa na chumba kimoja ghorofani katika nyumba ya mbao mtaa wa Lower West Side, dirisha linatazama ngazi za dharura. Masanduku kumi na mawili yalikijaza. Niliyapanga hadi karibu na dari. Moja likawa meza, moja kiti, la Shemasi likawa pembeni mwa kitanda na kila nikigeuka usingizini goti liligonga magurudumu yake. Jioni kwenye laini ya maombi, baada ya amina, nilisikia jina langu. “Tulikuwa na ubatizo, tumeweka soda kwenye beseni.” “Labda ameyauza.” “Hapana, anaishi ndani yake.” Na Shemasi, kwa upole wa mtu anayeombea mgonjwa: “Tumsamehe. Alienda kuvua samaki, akavua masanduku.”

Mama Yusta alinijia hadi mlangoni, akapanda ngazi zote zile kwa magoti yake mabovu.

“Mwanangu, nirudishie langu hivi hivi lilivyo.”

“Siwezi, Mama.”

“Nimekusamehe.”

“Sijaomba msamaha, Mama. Nimeomba muda.”

Nilikata leseni ya uvuvi. Nikachukua kile kitabu kidogo cha sheria za uvuvi, nikakisoma kama nilivyosoma vitabu vya kompresa, kila mstari, hadi nikajua aina zote, urefu, idadi ya kila siku, miezi iliyofungwa. Niulize hata sasa nitakujibu. Jumamosi na siku nilizotoka kazini mapema nilikwenda ziwani au mtoni Niagara na Mzee Bonifasi. Oktoba tukapata wale wenye macho meupe kama kioo, wazuri, wanene, wanaoruhusiwa. La kwanza kurudi lilikuwa la Mama Yusta. Aliinua kifuniko, akamtoa samaki mmoja kwa mikono miwili, akamweka mezani mbele ya kiti alichokuwa akikaa mumewe.

“Huyu alikuwa nani?” aliuliza. Kisha akajijibu mwenyewe, “Alikuwa wa ziwa Erie. Amevuliwa na Nestori na Bonifasi.” Akacheka, peke yake, kwa sauti. “Ahadi imetimia. Sasa warudishie watu vitu vyao.”

“Bado kumi na moja, Mama.”

Tulivua hadi theluji. Maji ya bandarini yalipoganda kwa wiki chache tulitoboa shimo, tukakaa juu ya sanduku la Columbus, tukatoa samaki wadogo wa njano wenye mistari. “Nestori,” Mzee Bonifasi alisema, pua ikichuruzika, “tunatembea juu ya maji kama Petro.” Nikamwambia Petro alizama. “Ni kweli. Bon, sisi bado.” Samaki niliwagandisha kwa utaratibu niliosomea, kila mmoja katika ganda lake la barafu, kichwa na mkia, macho angavu. Kabla ya Krismasi Buffalo walikuwa wamepata yao. Machi nilishuka Columbus na manne. Yule mama wa chapati alifungua lake, akawaita majirani, na mumewe akasema kwa sauti, ili nisikie, “Mimi nilijua tangu mwanzo.” Nilimwambia kuta zao ni nyembamba. Aprili nikashusha mawili Louisville, bila kupita kwa Shemasi.

Likabaki lake. Nililiacha la mwisho makusudi. Nilitaka nilijaze kwa samaki mmoja.

Asubuhi moja ya mwisho wa Mei, mtoni, mshipi wangu ulishikwa na kitu ambacho hakikutingishika. Nilidhani ni gogo, mpaka gogo likaanza kupanda mto. Ilichukua karibu saa nzima. Alipofika kwenye maji ya magoti tulimwona: samaki wa kale, mwenye vigao vya mfupa mgongoni kama mabati, pua ndefu, mdomo chini, ndevu nne. Alikuwa mrefu kuliko chewa wa Mzee Bonifasi, mrefu karibu kama mimi. Mkia wake ungetokeza nje ya sanduku la bluu na kifuniko kisingefunga. Nilimwona tayari yuko sebuleni Louisville, juu ya meza, chini ya kalenda ya zamani.

Ukurasa wake kitabuni niliujua. Haruhusiwi.

Mzee Bonifasi aliangalia ufukwe huku na huku. Hapakuwa na mtu. “Hapa hakuna kapteni,” alisema. “Hakuna mama ya mvi.” Akanitazama. “Ni wewe tu, Bwana Diploma.”

Sitajipamba. Niliogopa faini kwa muda mfupi, kisha sikuiogopa, hakuna aliyetuona. Nilimtazama jicho lake dogo, nikakumbuka ndege wale walianzia wapi. Nikachomoa ndoana. Mzee akavua kofia, tukaingia majini na viatu, tukamshika mimi mbele na mzee nyuma, pua yake ikielekea mkondo, tukangoja. Mashavu yakafunguka, yakafunga, yakafunguka. Ghafla mikono yetu haikuwa na kitu. Hakuelea. Mzee alingoja kitambo, akitazama juu ya maji kuona kama ndege watashuka, hawakushuka, akavaa kofia yake.

Mimi nilitoka majini nikalipiga teke sanduku la Shemasi kwa nguvu zangu zote, likabonyea ubavuni. Msinihesabie wema. Nilikuwa na hasira kuliko siku ya mashua, kwa sababu safari hii hakuna aliyenilazimisha na hapakuwa na wa kumfokea.

Wiki tatu baadaye lilikuwa limejaa samaki wa kawaida, wa kitabu. Nikaendesha hadi Louisville bila kulala njiani. Ilikuwa Jumapili, saa ya chakula. Nililisukuma kwa magurudumu yake hadi katikati ya sebule, mbele ya kochi langu. Shemasi alizima televisheni. Alipitisha kidole kwenye bonde la ubavuni.

“Hapa umelifanyaje?”

“Nililigonga.”

Akainua kifuniko. Mvuke wa baridi ulimpanda usoni. Aliwageuza mmoja mmoja, wa juu, wa kati, wa chini kabisa, akitafuta, na mkewe akamchungulia begani na kijiko mkononi. Jambo la yule samaki wa mtoni nilikuwa nalo mdomoni, kubwa kuliko yote niliyowahi kujisifia, na shahidi, Mzee Bonifasi, alikuwepo, namba yake ya simu ninayo. Ningelisema, miji mitatu ingelisikia saa mbili ya jioni. Nililimeza. Hadi anakufa hakulijua.

“Wadogo,” Shemasi alisema.

“Wana vichwa, Shemasi,” nikamwambia, “na aliyewavua unamjua kwa jina.”